Mwenye Pumu Asikalishwe Kibarazani



Shule zetu nyingi huianza siku kwa mchakamchaka. Wenzao wakikimbia na kuimba, wapo watoto wawili watatu waliokaa kibarazani kwa barua ya mzazi: ana pumu, asikimbie. Barua hiyo huandikwa kwa mapenzi. Jioni ya leo naipinga.

Hofu ya mzazi haikuzuka tu. Tukitulia, pua huipasha joto hewa na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Tukikimbia tunahema kwa mdomo, na hewa kavu inaingia kwa wingi, ikikausha utando wa mirija. Kwa mwenye pumu, ukavu huo huzichochea chembe za utando kumwaga kemikali zinazokaza misuli inayoizunguka mirija. Kifua kinabana, kinaanza kupiga filimbi. Mara nyingi bano hilo hufikia kilele baada ya mbio kwisha, kati ya dakika 5 na 15, ndiyo maana mwalimu hushangaa mtoto aliyekimbia vizuri akianza kukohoa darasani. Tena asubuhi ya Julai yenye baridi na vumbi pale Iringa humsumbua kuliko jioni yenye unyevunyevu ya Tanga.

Sasa tuutazame upande wa pili, ambao barua haiutaji. Mtoto asiyekimbia misuli yake hulegea na moyo wake hukosa mazoea ya kazi. Akipanda ngazi anatweta. Anadhani ni pumu, kumbe ni unyonge wa mwili. Anazidi kukaa, na unyonge unazidi. Kwa macho yangu, mduara huu huwadhuru watoto wengi kuliko yale mashambulizi tunayoyaogopa.

Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa tiba wa Cochrane uliojumlisha majaribio 21 yenye washiriki 772 wenye pumu. Waliofanya mazoezi waliongeza uwezo wa miili yao kutumia oksijeni, na kwa jumla waliyavumilia vizuri. Vipimo vya mapafu yenyewe havikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaouza mazoezi kama tiba ya pumu. Mazoezi hayaponyi mirija. Yanaufanya mwili udai hewa kidogo kwa kazi ileile, na kwa mtu mwenye mirija myembamba hiyo ni faida kubwa.

Tena pumu haimzuii mtu kufika kileleni. Katika Olimpiki ya Los Angeles ya 1984, wanariadha 67 kati ya 597 wa Marekani walikuwa na tatizo la kubanwa kifua kwa mazoezi, na walirudi na medali 41. Paula Radcliffe wa Uingereza, mwenye pumu, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya saa 2:15:25 jijini London mwaka 2003. Ilidumu hadi 2019, ilipovunjwa na Mkenya Brigid Kosgei huko Chicago.

Lakini hao walikuwa na dawa. Wagonjwa wetu wengi wanaijua inhela ya bluu tu, ile ya kufungua kifua. Huleta nafuu ya haraka, ila haitulizi uvimbe ulio ndani ya mirija. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA hauungi mkono kuwatibu vijana na watu wazima kwa dawa hiyo peke yake. Sharti iwepo pia dawa ya kuvuta yenye steroidi. Basi mtoto anayebanwa kila akikimbia, kinachohitaji kuangaliwa upya ni matibabu yake. Anayekohoa usiku au mwenye mafua makali apumzike kwanza. Wengine wapashe mwili moto polepole kwa dakika 10 hadi 15, na anayeshauriwa na daktari avute dawa kabla ya kuanza.

Walimu mlioko hapa, ninawaomba jambo moja. Inhela isifungiwe kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu. Ikae mfukoni mwa mtoto. Akibanwa, mketisheni wima, avute dawa yake, na asipopata nafuu mpelekeni hospitali mara moja.