Kibaya Chajitembeza

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilinunua tochi kwa mchuuzi mmoja. Aliapa kwamba haiingii maji hata ukiitumbukiza kisimani. Mvua ya kwanza tu ikazima. Asubuhi nikamrudishia, tukabishana mpaka watu wakajaa, mwisho akanipa nyingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Leo nataka tuzungumzie bidhaa inayojitembeza kuliko zote, lakini ambayo mtumiaji wake hana nafasi ya kuirudisha dukani. Nayo ni bunduki.

Mwaka 1718 mwanasheria mmoja wa London, James Puckle, alipata hati ya kulinda ugunduzi wake: bunduki ya miguu mitatu, yenye gurudumu la risasi la kuzungushwa kwa mkono. Katika tangazo lake alieleza kwamba risasi za mviringo ni za kuwapigia Wakristo, na za pembe nne ni za kuwapigia Waturuki! Yaani hata mauti aliyapangia madaraja kwa dini. Jeshi la Uingereza halikuvutiwa, lakini Puckle aliunda kampuni na kuuza hisa. Bunduki haikuenea, na watu wa London wakafanya mzaha kwamba waliojeruhiwa nayo ni wenye hisa peke yao.

Hapo tunaweza kucheka. Tukifika Kanada, kicheko kinakoma.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Kanada ililipa jeshi lake bunduki ya Sir Charles Ross. Sifa zake hazikuwa za uongo, maana katika mashindano ya kulenga shabaha ilitwaa zawadi. Lakini viwanja vya mashindano ni vikavu, na mshindani hupiga kwa utulivu. Aprili 1915, huko Ypres nchini Ubelgiji, Wakanada walikuwa ndani ya matope, Wajerumani wakiwajia nyuma ya wingu la gesi ya sumu. Bunduki ziliposhika moto na kuingia uchafu, komeo likakwama. Askari walilipiga teke kwa buti ili lifunguke. Zaidi ya elfu moja walizitupa, wakaokota bunduki za Waingereza waliokufa. Isitoshe, komeo hilo likiunganishwa vibaya baada ya kusafishwa, liliweza kumrukia mpigaji usoni.

Nyumbani, Waziri wa Majeshi, Sam Hughes, aliendelea kuitetea. Iliondolewa kwa askari wa mstari wa mbele mwaka 1916. Mwaka uliofuata serikali ilitwaa kiwanda, na Sir Charles akaja kulipwa fidia ya dola milioni mbili.

Mtu angedhani wakubwa walijifunza. Miaka 50 baadaye, Marekani ilipeleka M16 huko Vietnam. Askari waliambiwa ni bunduki ya kisasa isiyohitaji kusafishwa sana, na wengi hawakupewa hata vifaa vya kuisafishia. Tena baruti ya risasi zake ilikuwa imebadilishwa. Ganda la risasi likawa linanasa ndani. Vijana walikutwa wamekufa, bunduki zao zimefunguliwa, wakijaribu kulitoa ganda. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza na kulaumu vikali uzembe huo.

Ndugu msikilizaji, simwombei muuza bunduki atengeneze iliyo bora zaidi ya kuulia. Nasema tu kwamba katika biashara hii anayesifu bidhaa ni mmoja, anayetia saini ni mwingine, na anayeijaribu ni wa tatu, naye yuko kwenye matope. Wawili wa kwanza hawamwulizi kitu. Mimi niliirudisha tochi yangu kwa sababu kulikucha nikiwa hai. Yule wa Ypres angemrudishia nani?

Basi tukisikia kiongozi yeyote anasifu silaha mpya iliyogharimu kodi zetu, tumwulize swali moja: je, mwanao ndiye atakayeibeba?

Hadi juma lijalo, kwaherini.