Mji Mmoja, Bahari Mbili
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze na wanaotarajia kwenda kusoma nje. Mambo ya fomu na viza wenzangu wameyasema vya kutosha. Mimi, ingawa kazi yangu ni ya mafaili, nitasema juu ya bahari, maana nilisoma Cape Town na huko ndiko nilikojifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Mchezo huo si mgeni kule: Agatha Christie, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliucheza Muizenberg mwaka 1922.

Bahari yetu huwa na joto la nyuzi 25 hivi mwezi wa Agosti, na hukaribia 29 mwezi wa Machi. Kijana aliyekulia humo hudhani bahari zote ni ndugu. Mwenzetu mmoja wa chuoni, mtoto wa pwani na mwogeleaji hodari, aliingia upande wa Atlantiki mwezi wa Januari, jua likiwaka, amevaa kaptura tu. Pumzi ilimkatika papo hapo, na baada ya dakika chache mikono ikakataa kazi. Wenye mbao ndio waliomtoa. Maji hunyang'anya mwili joto upesi mara 25 hivi kuliko hewa ya baridi ile ile.

Sababu ni upepo. Kiangazi cha huko, Desemba hadi Februari, huvuma upepo wa kusini-mashariki. Upande wa Atlantiki husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Hivyo siku ya jua kali bahari huweza kuwa nyuzi 10 au 12. Majira ya baridi, upepo wa kaskazini-magharibi ukishika zamu, maji hayo hayo hupata nafuu, 13 hadi 15. Lakini mwendo wa nusu saa kwa gari, Muizenberg, ndani ya False Bay, bahari hufuata kalenda: kiangazi 18 hadi 21, majira ya baridi 14 hivi. Basi usiulize ni mwezi gani. Uliza upepo unatoka wapi na wewe unaingia upande upi.

Suti ya mpira ya mchezo huu hupimwa kwa milimita. Ikiandikwa 3/2, maana yake ni 3 kifuani na mgongoni, 2 mikononi na miguuni. Kwa Muizenberg kiangazi 3/2 yatosha. Majira ya baridi vaa 4/3. Upande wa Atlantiki vaa 4/3 mwaka mzima, na viatu vya mpira juu yake. Mwenye fedha za suti moja tu, na wanafunzi wengi ni hao, anunue 4/3. Ukiona joto utavuta ukosi kidogo maji yaingie. Lakini suti nyembamba huwezi kuiongezea milimita ukiwa katikati ya mawimbi.

Ijaribuni dukani. Ikiwa kavu, kuivaa iwe shida kidogo. Isiwe na mfuko wa hewa kiunoni, kwapani wala shingoni, maana hapo ndipo maji baridi yataingia na kutoka kila wimbi linapokupiga. Inyosheni mikono juu, mabega yasizuiwe. Tazameni na mishono: iliyogundishwa kwa gundi ni bora kuliko iliyotobolewa na sindano upande hadi upande. Ya mtumba iminyeni kwa vidole. Mpira uliokauka na kuwa mgumu umekwisha, hata bei ikiwa ya kupendeza namna gani.

Baada ya kuvaa, isuuzeni kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, muianike kivulini.

Yangu nimekuja nayo, iko pale mezani kando ya Mwalimu Mkuu. Vijana njooni muishike wakati wa chai.