Lipa Kwanza, Kisha Uje Madhabahuni

Masomo: Mambo ya Walawi 6:1-7; Mathayo 5:23-24

Popote mlipo asubuhi hii, ikiwa mmekwisha kushika njia ya kwenda kuchuma chai, au mngali mwaota moto jikoni, karibuni tuketi pamoja kwa muda mfupi tulisikie Neno la Mungu.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya rangi ya gari. Huenda mtu akauliza, "Mchungaji, Biblia na rangi ya gari vyahusiana wapi?" Ngoja kidogo, ndugu yangu, nawe utaona.

Ninyi mnaokaa Londiani mwaijua hali yetu ya hewa. Mji wetu uko juu, penye baridi. Asubuhi jua huwaka vizuri, lakini mara nyingi alasiri mawingu hushuka kutoka msituni na mvua ikanyesha. Kwa mkulima hiyo ni baraka. Kwa fundi wa rangi ni majaribu.

Palikuwa na watu wawili katika usharika wetu. Mmoja ni fundi wa jua kali, ambaye hunyoosha bodi za magari na kupuliza rangi. Wa pili ni mwalimu. Gari la mwalimu liligongwa ubavuni, mlango mmoja ukabonyea, naye akalipeleka kwa fundi huyo. Wakapatana shilingi 9,000, na mwalimu akatanguliza 5,000. Alilitaka gari siku ya Ijumaa, kwa maana Jumamosi palikuwa na koito, mazungumzo ya posa ya binti ya ndugu yake.

Ijumaa alipokuja, aliona mlango umenyooka sawasawa, lakini rangi ilikuwa na ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Tena kwenye bampa ya nyuma alikuta mkwaruzo, akasema hakuuacha pale. Fundi akajibu, "Mwalimu, gari lako ni la zamani, rangi haiwezi kufanana. Na mkwaruzo huo ulikuja nao." Kisha akanyosha kidole ukutani, palipoandikwa kwamba magari huachwa pale kwa hasara ya mwenyewe.

Mwalimu akakataa kulipa zile 4,000 zilizobaki. Fundi akakataa kutoa ufunguo. Mwalimu akaenda koito kwa matatu. Jumapili wote wawili walikuwa kanisani, na wakati wa Meza ya Bwana ulipofika, hakuna hata mmoja wao aliyeinuka.

Nikawaita nyumbani. Nami nakiri mbele yenu kwamba nilifanya haraka. Nilimwambia mwalimu, "Wewe ni mtu uliyeokoka. Msamehe ndugu yako, mambo yaishe." Akanitazama kwa upole, akasema, "Mchungaji, kumsamehe nimemsamehe tangu juzi. Lakini mlango bado una madoa."

Wapenzi, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetaka deni la fundi lilipwe kutoka mfuko wa mwalimu, nami nikaliita jambo hilo msamaha. Nikawaomba warudi kesho yake, nikafungua Biblia.

Katika Mambo ya Walawi mlango wa 6 twasoma habari za mtu aliyemkosea jirani yake katika kitu alichokabidhiwa. Afanye nini? Atarudisha kitu chenyewe kikamilifu, ataongeza sehemu ya tano juu yake, naye atampa mwenyewe. Kisha ndipo apeleke sadaka yake kwa kuhani. Angalieni utaratibu huo. Naye Bwana Yesu, katika Mathayo mlango wa 5, anamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende apatane na ndugu yake kwanza. Hakusema aitupe sadaka. Alisema aiache, kisha arudi.

Lakini Mungu si mkali tu, ni mwenye haki. Someni Kutoka mlango wa 22. Mtu akiwekewa mnyama, na mnyama akararuliwa na hayawani, aonyeshe ushahidi naye hatalipa. Akiibiwa kwake, atalipa. Akiazima mnyama akaumia mwenyewe asipokuwapo, atalipa. Mwenyewe akiwapo, hatalipa. Na likitokea jambo pasipo shahidi, kutakuwa na kiapo cha Bwana kati ya hao wawili, na mwenye mali atakikubali. Mungu hamtwiki mtu hatia isiyo yake, wala hamwondolei iliyo yake. Anapima.

Basi watu wale waliporudi, sikuuliza nani ana makosa. Nilimwuliza kila mmoja, "Katika jambo hili, lililo lako ni lipi?"

Fundi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ukungu ule ni wangu. Nilipuliza saa kumi na moja jioni, mvua ikiwa imekwisha kuanza. Thina huruka upesi, bati likapoa, unyevu ukatua juu ya rangi mbichi. Nilijua. Lakini niliogopa kumwambia Mwalimu kwamba gari halitakuwa tayari."

Mwalimu naye akasema, "Nami siku ile nilikupigia simu mara nne nikikuharakisha."

Juu ya rangi kutofanana, fundi alieleza kwamba rangi ya gari huchujuka kwa jua miaka mingi, hata rangi mpya ya namba ile ile huonekana tofauti. Hilo halikuwa kosa la mkono wake. Ila alikiri kwamba ilimpasa kusema kabla ya kuanza, na kuonyesha kwanza kwenye kipande cha bati. Juu ya mkwaruzo, hawakupatana. Hakuna aliyelizunguka gari siku lilipoletwa. Fundi akasema mbele za Mungu kwamba haujui. Mwalimu akakubali neno lake, na mkwaruzo ukabaki.

Fundi akausugua mlango kwa msasa, akaupuliza tena asubuhi ya jua, kwa rangi na thina ya fedha yake mwenyewe. Gharama ile haikuwa ndogo kwake, maana alikopa, na nyumbani walibana matumizi. Alipomaliza, aling'arisha gari zima bila malipo. Sikumwagiza. Nadhani alikuwa akifikiri habari za sehemu ya tano. Mwalimu akalipa zile 4,000.

Ndugu wasikilizaji, nchi yetu nayo ina sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Tena sheria ya mwaka 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambako mtu aweza kusema mwenyewe bila wakili. Ni vizuri kuzijua haki hizo. Lakini Mtume Paulo aliwaonea Wakorintho haya kwa kupelekana mahakamani ndugu na ndugu, kana kwamba hapakuwa na mwenye hekima kati yao. Ikiwa twaikwepa mahakama, haitupasi kuikwepa haki pamoja nayo.

Basi, nina maneno matatu. Kwanza, wewe fundi wa kazi yoyote, wa rangi, wa cherehani, wa seremala: unapopokea kitu cha mtu, kikague pamoja naye, andika kasoro zake, kipige picha kwa simu. Sema mapema lisilowezekana. Ubao wa ukutani usiufanye bakuli la Pilato la kunawia mikono.

Pili, wewe mwenye mali: usimharakishe mtu hata akaharibu, kisha ukadai kana kwamba hukuwapo. Wala usidai mlango uliogongwa urudi kuwa gari jipya.

Tatu, likitokea kosa, usiseme "samahani" ukakoma hapo. Samahani isiyotengeneza ni kama thina: inanukia, kisha inaruka, na bati hubaki tupu. Wazee wetu wa uamsho, ule uliotoka Gahini katika Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda na Kenya, walijua jambo hili. Watu waliookoka walirudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Majirani wakaona kwamba wokovu ule ni wa kweli.

Labda wewe unayesikiliza unasema, "Nikikiri, nitaangamia. Sina fedha." Mkumbuke Zakayo. Hakulipa ili Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu alikuwa amekwisha kuingia. Mkumbuke na Paulo, aliyemwandikia Filemoni kwa mkono wake mwenyewe kwamba deni la Onesimo liandikwe juu yake. Msalabani Mungu hakusema "haidhuru." Deni letu lililipwa, tena kwa damu. Mtu aliyelipiwa deni kubwa namna ile haogopi tena kusema, "Hili dogo ni langu." Na kama huna kitu leo, nenda ukaseme hivyo, mpatane siku.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wayajua tuliyoyaharibu katika mali za wenzetu. Tupe moyo wa kusema lililo letu, bila kuongeza wala kupunguza. Mpe anayelipa riziki ya kulipia, na anayelipwa moyo wa upole. Utukusanye tena Mezani pako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi, na neema ya Bwana iwe nanyi nyote.