Giza Nalo Tulitunze
Hotuba kwa kamati za sharika na wafadhili



Tunamshukuru Mungu kwa umeme uliofika katika vijiji vingi vya Kilwa na Lindi. Zahanati zinahitaji taa, nasi tunaunga mkono. Lakini leo tunaomba tulitunze na giza.

Mahali pazuri pa kutazama nyota ni mbali na taa, pasipozibwa na miti, usiku usio na mwezi, hasa wakati wa kiangazi. Sisi tunapo. Ufuko wa Kilwa Kisiwani unaoelekea bahari kuu, mbali na taa za Kilwa Masoko, ni mfano. Macho yakizoea giza kwa dakika 20 hivi, Njia ya Maziwa huonekana wazi. Tena tuko nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta: mapema usiku mwezi Juni huonekana Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili. Aliyeko London hauoni Msalaba huo kamwe.

Wazee walijua majira ya kulima kwa Kilimia. Manahodha walisafiri kwa nyota. Watoto wetu watajifunzia wapi, ikiwa kila taa inamulika juu?

Tunaziomba kamati mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, taa za nje za kanisa zifunikwe juu, zimulike chini, na zizimwe zisipohitajika. Gharama itapungua, na watoto wa kasa hawatapotea njia ya kwenda baharini. Pili, kila usharika uchague uwanja mmoja wenye giza na ulio salama, vijana wakutane hapo na wazee wanaozijua nyota.