Usimfiche Daktari wa Jeshi

Kila Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapotangaza nafasi za kujiunga, vijana wa Peramiho huanza kuhangaikia vyeti. Afya njema ya mwili na akili huwa miongoni mwa masharti, na hapo minong'ono huanza: kama uliwahi kuugua kifafa au pumu, nyamaza.

Ushauri huo ni wa hatari, na unaniuma zaidi unapotoka kwa watu wazima. Ofisa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi kule Monduli hukimbia na mzigo mgongoni, hukesha, hushika silaha yenye risasi. Kukosa usingizi huweza kuamsha kifafa. Mwenye selimundu akikimbizwa juani bila maji ya kutosha anaweza kuzidiwa, hata kufa. Daktari asiyejua historia yako anaweza kudhani ni uchovu tu, na dakika za kukuokoa zikapita.

Woga wa kukataliwa nauelewa. Ajira ni chache na nyumbani wanakutegemea. Lakini ugonjwa uliopona utotoni si sawa na unaoendelea, na wa kupima tofauti hiyo ni daktari, si jirani. Kama ulitibiwa Hospitali ya Mtakatifu Yosefu hapa Peramiho, nenda mapema ukaombe muhtasari wa matibabu: uliugua nini, ulipasuliwa wapi, dawa uliacha lini. Wazazi nao waulizwe, maana degedege la umri wa miaka miwili mtoto mwenyewe hawezi kulikumbuka. Fomu ya jeshi ikiuliza, jaza yote, kisha ambatanisha muhtasari huo.