Injini Inazunguka, Gari Haliwaki

Msikilizaji, injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Kwa hiyo starta ikizungusha injini na gari likagoma kuwaka, tazama kwanza bomba la moshi, kabla hujamruhusu mtu kufungua pampu, kazi ambayo ni ghali na mara nyingi haihitajiki. Mwenzako apige starta, wewe simama nyuma. Usipoona moshi wowote, yaelekea mafuta hayafiki kwenye nozeli: tangi ni tupu, filta imeziba, au hewa imeingia kupitia mpira uliopasuka. Shuku hewa hasa filta ikiwa imetoka kubadilishwa. Legeza skrubu ya kutolea upepo, bonyeza pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, kisha kaza. Moshi mweupe ni habari nyingine: mafuta yanafika ila hayaungui, na hapo chunguza plagi za kupasha joto au mbano wa silinda.

Wapo watakaosema betri ni nzima maadamu injini inazunguka. Haitoshi: injini ikizunguka kwa uvivu, hewa haipati joto. Na anayedai magari ya siku hizi yanataka kompyuta ya kupimia hakosei, ila kompyuta haizibi mpira unaovuta hewa. Kwenye magari hayo, usilegeze kamwe mabomba ya shinikizo kubwa: dizeli yake hupenya ngozi.