Chembe Nyeupe Zikipanda
Mama wa Mlingotini, umetoka kwenye mwani, mguu umechomwa na chanda cha tumbawe, homa juu. Kipimo cha picha kamili ya damu kinasoma chembe nyeupe 15,000 kwa mikrolita. Kawaida ya mtu mzima ni kama 4,000 hadi 11,000. Jirani keshasema saratani! Taratibu, mama. Mara nyingi ni maambukizi tu, kama kidonda hicho. Minyoo nayo hupandisha aina mojawapo ya chembe hizo. Lakini zikibaki juu baada ya matibabu, nawe unakonda, fizi zinavuja damu, tezi zimevimba, usichelewe: damu iangaliwe kwa hadubini, na ikibidi upewe rufaa Hospitali ya Muhimbili, wapime uboho wa mfupa. Unatumia dawa ya prednisoloni? Mwambie daktari, nayo hupandisha chembe nyeupe.